Sikukuu Huja Kaskazi, Shida Huja Kusi

(Mazungumzo na wanavikundi wa kujisaidia, Kuruwitu)

Tumeombwa tuseme machache juu ya desturi za sikukuu majumbani mwetu na juu ya kutendeana wema wakati wa baridi. Tumesikia mtu akicheka lilipotajwa neno baridi. Baridi gani tena, hapa Pwani?

Basi tuanze hapo hapo. Ni kweli, kwetu maji hayagandi. Lakini mtu anayelala juu ya mkeka, katika nyumba ya makuti yaliyochoka, mwezi wa Julai, kusi inavuma usiku kucha na manyunyu yanapenya, muulizeni huyo kama hakuna baridi. Wazee wetu waliupa wakati huo jina lake, kipupwe. Na tena baridi yenyewe si kitu. Kitu ni yale yanayofuatana nayo.

Tazameni mwaka wetu unavyokwenda. Kaskazi huvuma tangu Novemba mpaka Machi. Bahari hutulia, na mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa aweza kuvuka mwamba akatafute samaki huko nje. Maembe yameiva, korosho zinaokotwa, watoto wamefunga shule, na ndugu walioko Mombasa na Nairobi wanarudi nyumbani na mikoba yao. Hapo ndipo inapoangukia Krismasi. Tunachinja kuku, tunapika wali wa nazi, watoto wanavalishwa nguo mpya, na jirani hapiti mlangoni bila kuambiwa karibu. Siku hiyo hata bahili hutoa.

Kisha kusi inaingia, kuanzia Aprili, na mvua za masika nazo hizo. Kufika Juni na Julai mawimbi yanapasuka juu ya mwamba mchana kutwa, na vyombo vidogo vimepandishwa mchangani. Anayevua huvua humu humu ndani ya mwamba, na akipata ni kitoweo cha watoto wake, si cha kuuza. Mvuvi akikosa samaki, mama karanga hana cha kutia karaini, na yule aliyekuwa akimwuzia kuni naye amekwama. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za masika bado yako shambani, na ya mwaka jana yamekwisha. Muhula wa pili wa shule umeanza na watoto wanadaiwa. Mvua zimeacha madimbwi kila mahali, mbu wamezaana, homa imeingia nyumbani. Yote hayo kwa mkupuo mmoja.

Sasa tuseme lile tulilojia. Huko Ulaya, Krismasi na baridi vimeangukia wakati mmoja. Ndiyo maana hadithi zao nyingi za wema wa msimu huo ni hadithi za moto, supu na koti. Mtakatifu Martin wa Tours, ambaye sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba, yasimuliwa kwamba alipokuwa bado askari alimkuta maskini akitetemeka langoni mwa mji wa Amiens, Ufaransa. Akachomoa upanga, akakata joho lake, akampa nusu. (Angalieni vizuri: nusu. Ile nyingine alijifunika mwenyewe, maana naye aliona baridi.) Kwao sikukuu inamkuta mtu katikati ya shida yake. Sisi tumepokea tarehe ile ile, hata kadi zenye picha za theluji tumezipokea, lakini kwetu Desemba ni mwezi wa neema. Tunatoa sana wakati ambapo karibu kila nyumba ina chochote, na Julai ikifika mikono imechoka.

Hatusemi Krismasi ihamishwe, msitunukuu vibaya. Tunasema sehemu ya wema wake ihamishwe.

Na wala si jambo geni pwani hii. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana sikukuu yao ya Mwaka Kogwa, na hufanyika mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, kibanda huchomwa moto, kisha watu hula, na mgeni hukaribishwa nyumba yoyote. Hapa kwetu jirani zetu Waislamu wana Idd ya kuchinja. Nyama hugawanywa: ya nyumba, ya jamaa na marafiki, ya maskini. Tangu 2019 hadi 2025 Idd hiyo iliangukia kati ya Juni na Agosti. Nyumba ngapi kati ya zetu, zisizo za Kiislamu, zilibishiwa hodi wakati huo kukiwa na jirani ameshika sahani? Lakini kalenda ya mwezi husogea, kila mwaka siku kama 11 mapema zaidi. Mwaka 2026 Idd hiyo ni mwishoni mwa Mei, na mbele itaingia Aprili, Machi. Itachukua miaka ishirini na zaidi mpaka irudi kipupwe. Kwa hiyo lile pengo la Juni na Julai litazidi kuwa wazi, tusipoliziba sisi wenyewe.

Tulizibeje? Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu kutoa kuna namna yake, na namna mbaya huumiza kuliko kunyimwa.

Chukueni desturi yetu ya kuonjeshana. Mama akipika kizuri hujaza bakuli, hufunika, humtuma mtoto kwa jirani. Desturi hiyo ina sheria yake ambayo haikuandikwa popote, kwamba bakuli halirudi tupu. Utatia maembe, utatia mahamri mawili, hata mchicha. Desemba sheria hii ni tamu, inafanya chakula kizunguke. Lakini Julai? Yule mama aliyeletewa bakuli hana cha kutia. Basi analiosha, analiweka juu ya kabati, anangoja apate kitu. Wiki inapita. Mwenye bakuli yuko na lake moyoni, ati fulani hakurudisha chombo. Mwenye shida naye anakwepa njia asikutane naye kisimani. Mara ya pili akiletewa atasema, “Ahsante, sisi tumeshakula.” Hawajala. Wema umeingia kwa mlango na aibu imeufuata nyuma.

Dawa yake ni ndogo. Wakati wa kusi peleka chakula bila chombo. Mbaazi za jana, kipande cha muhogo, samaki mmoja wa kukaanga, vitie katika jani la mgomba. Jani halirudishwi. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo jani limepata heshima yake tena.) Ikiwa ni uji au mchuzi na lazima bakuli, basi nenda mwenyewe, kaa, zungumza, watoto wanywe, uondoke na chombo chako mkononi. Hapo hakuna deni lililobaki kwenye kabati.

Namna nyingine ni kutoa kile ambacho hakionekani kuwa sadaka. Wenye minazi mnajua, vifuu na makumbi hujazana uani mpaka tunavichoma ovyo. Vikiwekwa mahali pakavu mwezi wa Februari, mwezi wa Juni ni mali. Kuni zote zimelowa, bibi anapuliza moto mpaka macho yanatoka machozi, na wewe unapita na kapu la vifuu vikavu: “Shikamoo bibi, hivi vinanijazia uani, nisaidie kuvitumia.” Nani atakataa? Nani ataona haya? Umempa moto wa siku tatu bila kutoa hata shilingi. Vivyo hivyo kijana anayeteka maji kwa baiskeli. Mtungi mmoja zaidi kwa mzee aliye njiani hauongezi safari.

Ipo pia simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtoto aliye mjini aweza kumsaidia mzazi bila kijiji kujua. Lakini tumeona kwamba simu nazo hulia sana Desemba na kunyamaza Juni. Mwandikieni mapema. Mwambieni, usije na suruali tano za Krismasi, njoo na mbili, hizo tatu zitume mwezi wa sita kwa sura ya unga.

Haya, na kikundi je? Mtu binafsi husahau, kikundi kina daftari. Hesabu yetu ni hii. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akiweka shilingi 50 kwa mwezi kuanzia Desemba mpaka Mei, ni miezi sita, kitakuwa na shilingi 6,000 kusi inapokolea. Si fedha za kumjengea mtu nyumba. Ni za unga, nauli ya bodaboda kumpeleka mgonjwa zahanati, daftari za mtoto. Zisichanganywe na mchango wa zamu wala mkopo. Ziwe mbali, na zisigeuzwe kuwa za chai ya mkutano.

Hapa wengi watauliza juu ya uwazi. Fedha za kikundi lazima ziandikwe, hilo halina mjadala. Lakini je, lazima jina la aliyesaidiwa lisomwe mkutanoni? Sisi tunaona hapana. Daftari liandike namba ya nyumba, tarehe na kiasi. Majina wayajue watu wawili, mweka hazina na mzee mmoja anayejua kufunga mdomo. Mkaguzi akitaka, aende na hao wawili akahakikishe. Na jambo la kupiga picha mtu akipokea pakiti ya unga, watu wamepanga mstari wakitabasamu na yeye peke yake kainamisha kichwa, hilo kwa maoni yetu liishe. Wageni wakitaka picha, wapigeni picha daftari.

Kuna watakaosema: sisi wenyewe ni maskini, tutampa nani? Ndiyo maana tuliwaambia mwangalie ile nusu ya joho. Hakuna aliyetakiwa abaki uchi. Tena hapa Kuruwitu kuweka kando hamkufundishwa na mtu. Mwaka 2003 wavuvi na wakazi waliunda chama chao cha uhifadhi na ustawi, na mwaka 2005 wakatenga kipande cha bahari, kama hekta 30, kisivuliwe. Watu wenye njaa walikubali kupita juu ya samaki bila kutupa wavu. Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini tengefu likashikwa, samaki wakaongezeka, mpaka watu wa mbali wakaja kuuliza lilifanywaje. Ukilinganisha na hilo, shilingi hamsini na kapu la vifuu ni kazi nyepesi.

Tumezungumza vya kutosha, na jua linakwenda. Tulikubaliana na viongozi wenu kwamba kila kikundi kijitazame kabla kusi haijaingia: nyumba zipi zina mzee peke yake, zipi zina mgonjwa, zipi zinategemea mtumbwi mmoja tu. Msiite mkutano kuzihesabu. Akina mama wanaokutana kisimani wanazijua tayari. Na wenye nyumba zinazovuja wasingoje mvua. Makuti yasukwe sasa, wakati kungali kukavu, paa ziezekwe kabla ya Machi kwisha. Nyinyi vijana wa huko nyuma, kwa kila nyumba zinatakiwa kamba, ngazi na watu wanne wasioogopa kupanda. Katibu ana kalamu hapa mbele. Tuandikishe majina kabla hatujatawanyika.