Mti wa ukumbusho na udongo wake



Mmetuuliza kama ni vema kupanda miti ya kuwakumbuka marehemu hapa Mulongo, katika uwanja wa ofisi ya serikali. Wenyeji wengine wana hofu, na hofu yao ina sababu. Kwetu mtu akipanda mti ametia alama: udongo huu ni wangu. Mhamiaji akipanda kwenye shamba la mwenyeji, kesho kuna kesi. Kwa hiyo tunaona uwanja wa serikali unafaa, maana si wa ukoo wowote.

Lakini nao unahitaji walinzi. Kule Nairobi, Kenya, kuna bustani ya serikali iitwayo Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Mama Wangari Maathai alikataa, akatukanwa hata bungeni, na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama ambao watoto wao walifungwa kwa ajili ya siasa walikaa katika bustani hiyo wakigoma kula. Polisi waliwapiga, Wangari alizirai akapelekwa hospitalini. Akina mama wakahamia kanisani jirani, wakaendelea kudai mpaka mwaka 1993, wengi wa wafungwa wale walipokuwa wameachiliwa. Agosti 2006 Wangari na Barack Obama, wakati ule seneta wa Marekani, walipanda mti katika bustani ileile. Wapiga picha walikuja kwa ajili ya mgeni. Sisi tunawafikiria wale akina mama.

Tena, Wakenya walipopigana kwa makabila na wengi kufukuzwa makwao, chama cha Wangari kilitumia miti ya amani ili kupatanisha jamii.

Basi hapa, wafiwa na wenyeji washike jembe pamoja. Vijana walioweka silaha chini waje pia, kama wafiwa wamekubali. Mama atakayekataa kusimama karibu nao asilaumiwe. Machifu waombe karatasi ya serikali inayosema uwanja hautauzwa.

Mvua ikianza tunaweza kuchimba mashimo. Kabla ya hapo tupatane nani atamwagilia wakati wa kiangazi, na nani atajenga ua, maana mbuzi wa Mulongo mnawajua.