Nyumba Iliyopimwa kwa Boriti



Hapa Eldoret mjenzi huanza na ploti ya futi hamsini kwa mia, kisha ghorofa hupanda hadi fedha zikatike. Nyumba ya mawe ya Lamu ilianza na mti. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na boriti ya mkoko ikizidi urefu fulani hupinda. Kwa hiyo upana wa chumba haukupita mita 3 hivi. Tajiri aliyetaka nafasi alirefusha chumba, au alijenga kingine nyuma yake.

Nyingi za nyumba hizo ni za karne ya 18. Tuingie moja. Mlangoni pana daka, kibaraza cha kuingilia chenye baraza pande mbili. Mgeni asiye wa karibu huishia hapo. Ukivuka kizingiti, njia inakata kona, hivyo hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni kitu. Unatokea kiwandani, yaani kwenye ua ulio wazi juu, ambao ndio unaoleta mwanga na hewa. Kisha vyumba viwili virefu vinavyofuatana, msana wa tini na msana wa yuu, na hatimaye ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba. Kila unapoingia zaidi, sakafu inainuka kidogo. Ukuta wa zidaka (vishubaka), uliochongwa kwa lipu ya chokaa na kupangwa vyombo vya kauri, uko huko mwisho.

Matajiri wa Paris nao walijitenga na barabara. Hôtel de Sully, iliyoanza kujengwa 1624, ina ua kati ya lango na nyumba. Lakini ua ule ni wa kujionyesha: mgeni anashuka garini mbele ya sanamu za mawe. Tajiri wa Lamu aliweka fahari yake mahali ambapo wengi hawakufika. Kwangu, huo ndio ustadi mkubwa zaidi.

Turudi kwenye nyumba ya Lamu. Chooni, tazama birika la maji. Ndani yake, chini kabisa, limepachikwa bakuli la kauri, na majini wanaishi visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki hubaki ndani ya bakuli. Sijaona mchoro wa kisasa uliofikiria hivyo.

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Cheo hicho hakibadilishi boriti iliyooza. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, wakataji mikoko wa Lamu nao walizuiwa, na boriti hutoka kwenye mikoko hiyo hiyo.

Sasa turudi mjini kwetu, uliozaliwa katika shamba namba 64 na kuitwa Eldoret mwaka 1912. Wanafunzi wa usanifu na wa historia, chukueni futikamba, mwende kwenye majengo ya zamani yaliyosalia, mwombe ruhusa, mpime kila ukuta na mweke michoro maktabani kabla tingatinga halijafika.