MSHAHARA KWANZA AU KAZI KWANZA?
(Maneno yaliyosemwa kwa wanachama, Maseno)

Ndugu wafanya kazi, twaambiwa tuzidishe kazi kwanza, ndipo mshahara uzidi. Natutazame yaliyopita hapa kwetu.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Njia ya Butere, ipitayo hapa Maseno, ikafunguliwa baadaye. Zamani zile mshahara ulikadiriwa kwa mtu mmoja, kana kwamba hana mke wala mtoto. Mke alibaki huku akilima mahindi, na jembe lake likamwondolea tajiri sehemu ya gharama. (Wala hakupewa asante!) Wengi walikaa kazini miezi michache, wakarudi kwao. Aliyefuata akaanza tena kufundishwa kushika nyundo. Kazi ingezidije?

Wala si sisi tu tusemao hivyo. Mwaka 1954 kamati ya Serikali, chini ya Bwana Carpenter, ilisema mtu alipwe wa kumtosha yeye na jamaa yake, ili akae mjini, azoee kazi, awe fundi. Ilitaka jambo hilo litimizwe kwa hatua, katika miaka kumi.

Basi mkutano ujao kila mmoja alete hesabu yake ya unga, kodi ya nyumba na karo, tuipeleke mezani.