Mama Asijifungue Akiwa Mpweke

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la afya ya mama na mtoto



Mmezoea kuniona na kipaza sauti nikitangaza mambo ya kaunti. Leo naomba nianze na langu mwenyewe. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mume wangu na mama mkwe walibaki langoni. Ndani alikuwepo muuguzi mmoja na akina mama kadhaa. Hakunikosea, mikono yake ilikuwa miwili tu. Lakini usiku ule, nikiwa nimeshika chuma cha kitanda, niliona kama dunia imenisahau. Kwa mtoto wa pili, shangazi yangu aliruhusiwa kuingia. Alinisugua mgongo, akaninywesha maji, akaniambia, "Pumua mwanangu, nipo." Uchungu ulikuwa uleule, ila sikuwa na hofu.

Kazi aliyoifanya shangazi siku hizi ina jina. Anayeifanya huitwa dula: mtu anayemsindikiza mama kabla ya kujifungua, wakati wa uchungu na siku za mwanzo baada ya hapo. Wako wanaoifanya kwa malipo, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Ni wangapi hapa walikandwa kwa maji moto, wakapikiwa uji wa pilipili manga na kuogeshewa mtoto na nyanya hadi arubaini ikatimia?

Tuelewane, ndugu zangu. Dula si mkunga. Hampimi mama, hatoi dawa wala hazalishi. Yeye hukaa karibu, humsaidia mama kutembea na kubadilisha mkao, humkumbusha kunywa maji na kwenda haja ndogo, humwita muuguzi panapo haja, na huwapa habari jamaa walioko nje.

Wataalamu wameyapima haya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka wa 2017, uliokusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba mama anayesaidiwa mfululizo huelekea kuwa na uchungu wa muda mfupi zaidi, kujifungua kwa njia ya kawaida na kuepuka upasuaji.

Wapo wanaobaki nyumbani kwa sababu hii hii: kule watashikwa mkono. Nawaelewa. Lakini damu ikianza kumwagika baada ya mtoto kutoka, mkono pekee hautoshi. Hapo inatakiwa dawa, damu ya kuongezewa na mtaalamu. Mama asilazimike kuchagua kati ya faraja na usalama. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa haki ya huduma bora ya afya, ikiwemo ya uzazi, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Nanyi wakunga wa jadi, hatuwafukuzi. Mleteni mama zahanati, kisha kaeni naye.

Nyumbani leo, zungumzeni mambo manne.

Kwanza, mama achague mwenyewe atakayemsindikiza: mtu mtulivu, msiri, anayepatikana hata usiku.

Pili, ulizeni kliniki mapema kuhusu utaratibu wa kuingia. Wodi nyingine ni ndogo, na faragha ya akina mama wengine lazima ilindwe. Simu za kupiga picha zikae mfukoni.

Tatu, wekeni nauli, namba ya mwenye gari, mtu wa kutoa damu na wa kubaki na watoto.

Nne, zijueni dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kuvimba uso, degedege, homa kali, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukiona moja, usingoje kikao cha ukoo. Nenda hospitali.

Akina baba, msindikizaji hachukui nafasi yenu. Mkiruhusiwa kuingia, ingieni. Msiporuhusiwa, hakikisheni kuna aliye ndani kwa niaba yenu.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi mkono mmoja usiachwe umzae.