Dhamana Hairudishi Kumbukumbu

(Maneno ya mazungumzo na watunza bohari na maofisa wa ununuzi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya ufungaji wa diski ngumu za kompyuta na thamani ya dhamana zake. Naomba nianzie mbali kidogo, katika njia ya misafara.

Katika karne ya 19, bidhaa zilizotoka Unguja zilivushwa hadi Bagamoyo, na wapagazi wakazichukua hadi Tabora na Ujiji zikiwa mitumba ya yapata frasila mbili kila mmoja. Mtumba uliofungwa vibaya haukuwa na wa kuufidia njiani. Baadaye reli ilifuata njia hiyo, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo ilipita meli nzima, Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kilichoihifadhi mitambo ile chini ya maji si hati ya dhamana, bali uangalifu wa mafundi.

Ndugu zangu, diski ngumu ni dhaifu kuliko mitambo ile. Ndani yake mna sahani zizungukazo, kwa kawaida, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kishindo kimoja chaweza kuiharibu bila ya alama kuonekana nje. Kwa hivyo, iwe inakwenda Tabora kwa gari moshi au Pemba kwa meli, itiwe katika mfuko unaozuia umeme tuli, izungukwe na sponji, na isicheze ndani ya sanduku. Kuifunga kwa gazeti hakutoshi.

Ama dhamana, ni ahadi ya kupewa diski nyingine. Dhamana ya miaka mitano haina maana kwamba diski itadumu miaka mitano. Hueleza tu nani atalipa ikifa. Tena muuzaji anaweza kuikataa diski iliyoangushwa, au iliyorudishwa bila ya kufungwa vyema. Kubwa zaidi, diski mpya huja tupu. Daftari la mishahara, hati za ardhi na kumbukumbu za wagonjwa hazimo katika ahadi hiyo.

Kwa hivyo tunaombwa:

1. Kukagua sanduku na kuijaribu diski kabla ya kutia saini ya kupokea.
2. Kuandika namba ya diski na tarehe, na kuhifadhi risiti pamoja na sanduku lake.
3. Kuweka nakala mbili za kumbukumbu, moja nje ya jengo.

Dhamana hulinda fedha za Serikali. Haki ya mwananchi iliyoandikwa ndani ya diski hulindwa na nakala.