Aliyerudi Baada ya Miaka Minane

Leo tutazungumza juu ya vitabu vya hadithi za mapenzi, nanyi wazee msizime redio.

Hapa Eldoret vitabu hivi hupita mkono kwa mkono mpaka jalada linang'oka. Wasichana husoma, na mama zao husoma, ila mama huficha chini ya mto. Mills & Boon ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka wa 1908, ingali inavitoa. Tena kuna aina moja inayopendwa mno: wawili walipendana, wakaachana, kisha baada ya miaka mingi wakakutana tena.

Wahubiri wamevikemea sana. Mimi nauliza kwanza, kwa nini mtu mzima, mwenye akili na kazi zake, akeshe akisoma hadithi ambayo mwisho wake anaujua tangu ukurasa wa kwanza? Naona ni kwa sababu wengi wetu tunao mlango mmoja tulioufunga ujanani, au tuliofungiwa.

Mwanamke Mwingereza, Jane Austen, aliandika hadithi ya namna hiyo, nayo ikachapwa Desemba 1817, miezi michache baada ya kufa kwake. Jina lake ni Persuasion, yaani kushawishiwa. Anne alikuwa na miaka 19 alipochumbiwa na Wentworth, afisa wa jeshi la majini asiye na mali. Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake, akamshauri avunje uchumba, naye akatii. Baada ya miaka minane yule kijana akarudi na cheo na fedha. Je, hayo ni ya Uingereza tu? Ni wangapi hapa Uasin Gishu walioambiwa na shangazi, "Huyo hana shamba," au, "Huyo si wa kabila letu"? Tuliokuwapo hapa mwanzoni mwa 2008 twajua neno hilo la pili laweza kuvunja nini.

Lakini angalieni: Wentworth anaporudi hana mke, wala Anne hana mume. Vitabu hivi karibu vyote huwatengenezea njia hivyo. Yule aliyekuacha zamani akikupigia simu saa nne usiku, pengine mkewe yuko jikoni anaosha vyombo. Hapo, dada yangu, kitabu hakikusaidii.

Biblia nayo inayo habari hii, katika Hosea sura ya tatu. Nabii aliagizwa ampende tena mwanamke aliyekwenda kwa wengine, ambaye wengi huona ni mkewe Gomeri. Akatoa vipande 15 vya fedha, na shayiri homeri moja na nusu. Sisi tunaouza mahindi kwa gunia twaweza kuwaza kwamba fedha hazikutosha, akaenda ghalani kujazia. Wala hawakukumbatiana kama picha ya jalada. Alimwambia wakae kwanza siku nyingi, mwanamke asimwendee mwingine, naye Hosea awe vivyo hivyo kwake. Ndoa ninazozijua zilizopona zilipona hivyo: siku nyingi, maneno machache, mume akifika nyumbani kabla ya giza, simu akaiacha mezani.

Jambo moja hunisumbua kila nisomapo sura hiyo. Hatuambiwi mwanamke alijibu nini. Katika vitabu vya mapenzi mwanamke hujibu, tena kurasa tatu mfululizo, na nadhani hiyo ndiyo sababu nyingine mama zetu hukesha navyo.