Nyigu Adui wa Inzi wa Maembe

Leo tuzungumze juu ya yale maembe yanayoanguka kabla ya wakati, yana tundu kama la sindano, na ukiyapasua ni funza watupu. Hao ni watoto wa inzi wa matunda. Yule mharibifu zaidi ni mgeni kutoka Asia, aliyegunduliwa hapa Kenya mwaka 2003.

Huko kwao ana adui. Huku alikuja peke yake, akazaana atakavyo. Basi mwaka 2006 wataalamu wa ICIPE walimleta adui huyo kutoka Hawaii, wakamzalisha, kisha wakamwachilia mashambani. Ni nyigu mdogo kuliko inzi mwenyewe, aitwaye Fopius arisanus. Kina mama huniuliza, je, hatauma watoto? Haumi, ile sindano yake ni ya kutagia tu.

Inzi akishataga ndani ya embe, nyigu hulitafuta tundu lile lile, akataga yai lake ndani ya yai la inzi. Funza huanguliwa, hula embe, hushuka udongoni na kujifunga katika gamba. Kumbe mtoto wa nyigu yumo ndani anamla. Siku ya kutoka, hutoka nyigu. Embe lile hukuliokoa, tusidanganyane. Utaokoa yale yajayo.

Sasa, maembe yaliyoanguka tuyafanyeje? Ukiyaacha chini, inzi watatoka tele. Ukiyafukia futi mbili, inzi watakufa, lakini nyigu nao umewazika. Afadhali yatie katika hema la wavu, pindo zake zifukiwe udongoni, matundu yawe ya kupenya nyigu lakini si inzi. Wavu huo usiukisie kwa macho! Muulize ofisa wa kilimo, maana tundu likizidi kidogo tu, umefuga inzi.

Tena usipulizie dawa mti mzima, utawaua nyigu. Kuna chambo cha chakula chenye dawa, hupulizwa kwenye majani, sehemu ya meta moja ya mraba kwa kila mti. Inzi hukifuata wenyewe. Nyigu peke yao hawatawamaliza inzi, kwa hiyo chambo kitumike pamoja nao.

Kuokota ni mara mbili kwa wiki, na jirani naye aokote. Kesho asubuhi anzeni na ndoo moja.